Nilivyompeleka Bi Tatu Namtende

Kila nikipita hapo kwenye kahawa mnaniuliza, Mzee Kaseti, mlipotelea wapi na yule mama. Na kila nikianza kusimulia mmoja wenu anadakia, mwingine anataka kujua kama ni kweli nilitwanga muhogo. Sikutwanga mimi. Basi nimeandika, someni wenyewe, na atakayebisha abishane na karatasi. Shule niliishia darasa la nne, hilo mnalijua na sijawahi kulificha. Nimebeba magunia bandarini, nimeuza kanda za muziki barazani Mtaa wa Msimbazi mpaka jina la kanda likaning'ang'ania, nikahamia kanda za video, halafu siku moja nikajiuliza kwa nini nauza picha za wenzangu. Nikaanza kutoa zangu. Zimetazamwa nchi nzima. Sentensi zikipinda, nyoosheni wenyewe.

Habari ya watoto ilianza kwa sababu ya picha. Nilitangaza natafuta mtoto wa kuigiza, akina mama wakajaa viwanja vya Mnazi Mmoja na watoto waliopakwa mafuta mpaka wanang'aa. Mwisho wa foleni alikuwapo mama mmoja kamfunika wake uso kwa kanga. Akamfunua. Mtoto alikuwa na mdomo sungura, mdomo wa juu umepasuka mpaka puani tangu kuzaliwa. Mama akaniambia huyu atakufaa kwa zimwi, hutakuwa na haja ya kumpaka kitu. Nikamjibu kwamba zimwi nalitengeneza kwa unga wa ngano na rangi, mtoto wako kwa kazi hiyo simtaki. Nikampeleka hospitali, akashonwa, akapona. Tangu hapo nikisikia kuna mtoto wa namna hiyo mahali, naenda kumchukua. Sina ofisi, sina bango. Picha zinanunua mafuta ya gari, gari linabeba watoto.

Safari hii habari niliipata kwa Nassor, yule muuza kanga wa Mtaa wa Mkunguni. Mchukuzi wake mmoja anatoka Namtende, ndani kabisa, ukishapita Nangurukuru unaacha lami. Akasema huko yuko mtoto wa kike anayelelewa na bibi yake, mdomo wake hivyo hivyo. Na mjini kulikuwa na madaktari wageni waliokuja kushona bure. Daktari wao aliniambia wazi kwamba mtoto asiyefika mpaka Ijumaa amekosa, maana wanafunga vifaa vyao na hawajui watarudi lini. Siku hiyo ilikuwa Jumapili.

Mwanamume peke yake haendi kuchukua mtoto wa kike wa watu. Nikamwomba Mwanaidi tufuatane. Mnamjua, ingawa jina hilo hamlijui. Ninyi mnamwita Bi Tatu, kwa sababu ya picha yangu ya *Uji wa Bi Tatu*, ile ya mama wa kambo anayemtilia mtoto sumu kwenye uji. Nilidhani sura inayojulikana itatufungulia milango.

Kariakoo mpaka Kivukoni

Tulipanga kuondoka Jumatatu alfajiri. Tuliondoka adhuhuri, na wa kulaumiwa ni unga. Mwanaidi alitaka kumnunulia mtoto unga wa lishe, tukateremka Shimoni, pale chini sokoni, kwa mama mmoja ninayemfahamu tangu hajaolewa. Akaniamkia vizuri, shikamoo mzee, nikaitikia marahaba. Akainua macho akamwona mwenzangu, akaliweka kopo la kupimia chini.

“Unga wa nani?”

“Wa mtoto,” Mwanaidi akasema.

“Mtoto gani tena? Si ulishammaliza yule?”

Meza za jirani zikaacha kuuza. Mmoja akashauri auziwe sabuni tu, sabuni hainyweki. Mwingine akataka kujua kama mume ameshagundua. Mwanaidi ameyazoea haya, hakasiriki, anauliza bei. Lakini yule mama hakuwa anatania. Alisema ana wajukuu, na unga wake hautatumika kwa mambo hayo. Nikamwambia niuzie mimi. Akaniuzia, akanionya niushike mwenyewe mpaka mwisho wa safari. Nilipomweleza kwamba picha ile niliitoa mimi, akaniambia basi lenu moja.

Dereva wangu Kondo anaishi Kigamboni, na asubuhi hiyo foleni ya magari ya kuvuka ilikuwa ndefu. Tukamsubiri Feri, kwenye samaki. Dalali alikuwa amesimama juu ya kreti ananadi kolekole, bei inapanda, watu wanasukumana. Akamwona Mwanaidi. Akaiacha bei ikining'inia hewani.

“Jamani malizeni haraka,” akasema. “Bi Tatu kafika. Akishawagusa hawa, mimi siwajibiki.”

Watu walicheka, lakini hebu nyie niambieni, kwa nini kolekole wale waliisha kabla Kondo hajateremka kwenye pantoni? Dalali mwenyewe alishangaa. Akatuletea vibua vya kukaanga na pilipili, moto, akamwambia Mwanaidi aje kila Jumatatu, samaki wa kitoweo atampa yeye.

Mbagala mpaka Ikwiriri

Mbagala tulikaa kwenye foleni mpaka vibua vikashuka tumboni. Mkuranga tairi likapasuka. Wakati Kondo anahangaika na jeki, akina mama wa korosho walitujia, wakamtambua, wakarudi nyuma hatua chache, wakawa wanauza kwa kumnyooshea mkono mrefu kama mtu anayelisha mbwa asiyemjua. Korosho zenyewe zilikuwa nzuri, za kuchomwa kwa moto wa kuni. Nilikula za watu wawili.

Ikwiriri tukaingia kwa mama lishe. Kambale wa Rufiji, wali wa nazi, bamia. Mwanaidi alipopita kati ya meza kwenda kunawa, wateja wakafunika vikombe vyao kwa viganja, mmoja mmoja, bila kuambiana. Nilimwona mzee wa heshima kabisa, mwenye kofia ya kufuma, anafunika chai yake huku anasalimia.

Tukiwa tunakula akaja mtu mmoja, fundi baiskeli, mikono ina grisi. Akasimama mbele ya Mwanaidi kwa adabu zote. Alisema mke wake wa kwanza alifariki, amemwachia watoto, na mwezi uliopita ameoa tena. Sasa hana amani. Kwa kuwa Bi Tatu kazi hii anaijua ndani nje, amsaidie kumkagua huyu mpya. Nikataka kumfukuza. Mwanaidi akanikanyaga mguu, akasema mlete.

Mke akaletwa, mwanamke mwembamba, ameshangaa, mikono ina unga. Mwanaidi akamtazama sana.

“Watoto wa mwenzio wanakula kabla yako au baada yako?”

“Sinia moja,” yule mke akasema. “Na yule mdogo ananimalizia nyama zangu.”

“Unafanyaje?”

“Namfinya.”

“Huyu mzima,” Mwanaidi akamwambia fundi. “Angekwambia hamfinyi, ningekwambia kimbia.”

Fundi alifurahi mpaka akatutengenezea lile tairi lililopasuka, ingawa yeye ni wa baiskeli. Lilishika upepo mpaka Nangurukuru, tukalala hapo.

Njia ya vumbi

Jumanne tukaacha lami. Nilihesabu kwamba mchana tutakuwa Namtende, jioni tugeuze. Nilihesabu bila kujua kuna lori la ufuta limevunjika ekseli, limelala katikati ya mchanga, kulia korongo, kushoto miiba. Huku kuna lori, huku kuna sisi, na nyuma yetu basi la abiria. Spea ilikuwa inatoka Lindi.

Tulikaa pale siku nzima. Mimi sina subira, mnanijua. Nililizunguka lori lile, nikampa utingo maneno ambayo mama yake hakumfundisha, halafu nikakaa chini kwa sababu jua lilikuwa kali na yeye hakuwa na kosa. Abiria wakakusanya kuni. Kila mtu akatoa alichokuwa nacho, ugali wa muhogo ukasongwa, na ng'onda, samaki wakavu wale, wakachomwa na kutiwa chumvi na limau. Sijala chakula kitamu hivyo mwaka huu. Mwanaidi aliruhusiwa kupepea moto, lakini kwa upande ule ambao upepo unaelekea, asiwe karibu na sufuria. Kulikuwa na mama mmoja mnene aliyejipa kazi ya kusimama kati yake na chakula. Walipiga soga muda wote, wakapatana hadi kuulizana za ukoo, ila yule mama hakubanduka.

Spea ilifika na giza. Tulilala garini. Jumatano asubuhi tukaingia Namtende, na hapo nilikuwa sina tena siku ya kupoteza. Tukitoka Alhamisi alfajiri tunafika mjini Ijumaa. Tukichelewa zaidi, mtoto amekosa.

Namtende

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mkwanda, mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko, alitupeleka mwenyewe. Niliteremka mimi na yeye. Mwanaidi alibaki garini anajifuta vumbi.

Bibi wa mtoto anaitwa Bi Somoe. Tuko rika moja, labda amenipita kidogo. Alikuwa na habari zetu, mchukuzi wa Nassor alipiga simu kwa mwenyekiti, na furushi alishalifunga, nguo za mtoto na mkeka mdogo. Mtoto, Zawadi, ana miaka minne hivi, macho makali, ameushika upindo wa kanga ya bibi yake ameuweka mdomoni. Nikaletewa kigoda na muhogo wa kuchemsha. Tukaelewana maneno machache. Alikuwa ameshika kilemba cha kujifunga, tayari kumpitisha mtoto kwa majirani awaage.

Mwanaidi akateremka garini.

Bi Somoe akamtazama. Akachukua furushi, akalirudisha ndani. Akatoka akakaa mlangoni, mtoto kati ya magoti yake.

Nikamweleza. Nilieleza kama mtu mwenye haraka. Kwamba yale ni maigizo, hakuna sumu, hakuna mtoto aliyekufa, mimi ndiye niliyetoa picha ile na mama huyu ni mtu mwema, ana watoto wake wanne na hajamuua hata mmoja.

“Mzee mwenzangu,” akasema, “usinieleze maigizo kama naona taa kwa mara ya kwanza. Najua ni maigizo. Ila mtungi hautoi usichotiwa. Ubaya ule aliutoa wapi?”



Akaniambia na mengine. Binti yake, mama wa Zawadi, alikufa mtoto akiwa ananyonya. Baba akaoa Lindi, na mara mbili amemtuma mtu aje kumchukua mtoto akalelewe na mke mpya. Bibi alikuwa karibu kukubali. Ndipo banda la video la kijijini lilipoonyesha *Uji wa Bi Tatu*. “Picha yako ndiyo iliyonipa akili,” akasema. “Nilikuombea dua usiku ule, sikujua ni wewe. Sasa leo unaniletea mwanamke yule yule, nimkabidhi?”

Hapo nilikasirika. Nikamwambia mtoto huyu ataolewa na mdomo huo, atazaa na mdomo huo, kwa sababu ya ukaidi wako. Bwana Mkwanda akanishika bega. Bi Somoe hakupandisha sauti. Alisema mtoto mwenye mdomo uliopasuka ni mtoto aliye hai. Nikamwambia basi Mwanaidi atabaki, twende sisi. Akasema mwanamume na dereva wake, na mtoto wa kike, safari ya kulala njiani? Hapana. Na hata yeye mwenyewe akija, atalala usingizi wakati fulani. Yeye ni mtu mzima, anasinzia.

Mwanaidi alikuwa amesimama kando ya gari muda wote. Akasogea, akachuchumaa mbali kidogo, ili asimtishe mtoto.

“Mama, kama ubaya umo, na wema umo.”

“Huo haujaletwa huku,” Bi Somoe akasema.

Na mwenye banda la video, aliyekuwa ameshafika kusikiliza pamoja na nusu ya kijiji, akadakia kwamba hata yeye analisema hilo, miaka yote wanasubiri Sehemu ya Pili. Kwa msiokumbuka, Sehemu ya Kwanza inaishia mtoto ameinua kikombe na Bi Tatu anatabasamu. Basi. Sehemu ya Pili, ambapo mtoto anapona na mama anatubu, haikupigwa. Msambazaji alifunga duka lake, na mimi nikaenda kwenye kazi nyingine. Wakati ule sote wenye picha tulikata hadithi vipande viwili, watu wanunue mara mbili. Soko ndivyo lilivyokuwa na siliombei radhi.

“Mzee,” Mwanaidi akaniambia, “tuimalize leo.”

Sehemu ya Pili

Mwenye banda akatangaza kwa spika yake kwamba Sehemu ya Pili imefika na itaonyeshwa mchana, bila umeme. Watu waliacha mashamba. Tulisafisha uwanja mbele ya banda, tukatandika mkeka. Kondo, kwa kuwa shati lake lilikuwa jeupe kabla ya safari, akawa daktari. Mimi nikawa baba wa mtoto, na mnaonijua naomba msiseme neno. Kwa Salma, yule mtoto aliyenyweshwa uji, hatukutaka mtoto wa mtu alale pale kama mgonjwa, watu wangeona mkosi. Bwana Mkwanda akajitolea. Akalala kwenye mkeka, akafunikwa kanga, miguu yake mikubwa imetoka nje, kijiji kizima kikaanguka kwa kicheko.

Nikaanza. Nikaingia natoka kazini, nikaita jina la mtoto. Wakanizomea, wakasema baba gani anaita mtoto kama konda anaita Mbagala. Kondo akapima mapigo ya mwenyekiti kwenye kifundo cha mguu. Mambo yalikuwa yanakwenda ovyo na kwa furaha, mpaka Bi Somoe alipoinuka kwenye watazamaji, akamwachia jirani yake mtoto, akaingia uwanjani. Akasimama mbele ya Mwanaidi.

“Ulimtilia nini?”

Watu wakasogea mbele.

“Mama, ulikuwa uji wa ulezi tu,” Mwanaidi akasema kwa sauti ya chini. “Yule mtoto aliunywa, akaomba mwingine. Tulirudia mara nyingi kwa sababu yake.”

“Sikuulizi habari za kamera. Nakuuliza habari za Salma.”

Mimi ndiye mwenye picha, na nakiri sikujua kitakachofuata. Mwanaidi alipiga magoti kwenye vumbi. Nimefanya naye kazi miaka mingi, sijawahi kuona uso ule.

“Nilimwonea wivu,” akasema. “Baba yake akirudi anaita Salma, ndipo aniite mimi. Nikasema nikimwondoa, nitaitwa wa kwanza. Mtoto akalala hapo. Na baba yake sasa akirudi haiti jina la mtu.”

Bwana Mkwanda alikuwa na nzi puani, na hakujitikisa.

“Na sasa?” Bi Somoe akauliza.

“Sasa namwomba aamke. Akiamka, aitwe yeye.”

 Halafu mwenyekiti akaketi, akasema, “Basi nimeamka.” Uwanja ukalipuka, wanawake wakapiga vigelegele, mwenye banda akataka turudie. Bi Somoe peke yake hakucheka. Alisema mtu aliyetubu bila adhabu amejitubia mwenyewe. Akaagiza kinu, na kikapu cha makopa, ule muhogo mkavu mgumu kama mawe. Akamwambia Mwanaidi atwange mbele ya watu wote mpaka uwe unga.

Mwanaidi akajifunga kanga kiunoni juu ya gauni lake la mjini. Akashika mchi. Mwanzo watu waliendelea kutania, wakimwuliza kama Dar kuna vinu au wanatwanga kwa rimoti. Kisha utani ukaisha, kwa sababu mama yule anatwanga. Kwao ni Newala. Mchi ulikuwa unapanda na kushuka sawasawa, makopa yanavunjika, jasho linamtiririka. Bi Somoe alikaa kwenye kigoda anatazama, wala si uso, mikono tu. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu akainuka, akaomba mchi wa pili kwa jirani, akasimama upande wa pili wa kinu.

Ninyi watoto wa mjini hamjui kutwanga wawili kinu kimoja. Mchi mmoja ukishuka mwingine uko juu, na mikono yenu inapishana karibu na vichwa. Mmoja akikosea, mwenzake anaumia. Walitwanga hivyo mpaka kikapu kikaisha.

Bi Somoe akafuta uso.

“Alfajiri tunaondoka,” akaniambia mimi. “Naenda na nyinyi, nakaa katikati. Na chungu changu nakuja nacho.”

Kurudi

Chungu kilikuwa cha udongo, kikubwa, kimeungua chini vizuri. Kiti cha nyuma kilipangwa hivi: mtoto dirishani, bibi katikati, Mwanaidi upande wa pili, chungu kwenye miguu ya bibi. Kila alipoona inafaa alitusimamisha, akapika. Kondo alilalamika, nami nililalamika zaidi, Ijumaa ilikuwa inatufuata kama deni, lakini uji aliopika kwa unga ule ule wa Namtende tulikunywa wote tukanyamaza. Mwanaidi alipewa wa mwisho, ila alipewa.

Mtoto ndiye aliyekuwa mkorofi. Alikuwa anazungusha kichwa nyuma ya mgongo wa bibi yake, anamchungulia Mwanaidi, anajificha. Mwanaidi anachungulia upande ule, anajificha. Bibi katikati anatazama mbele, uso mkavu kama askari wa geti. Ukimwuliza atakwambia hakuona.

Tulilala Kibiti. Ijumaa asubuhi tukafika Mbagala, na magari yalikuwa yamesimama mpaka pasipoonekana. Kondo akazima injini. Nikamwambia Bi Somoe kwamba tukikaa hapa, madaktari watafunga. Nikaita bodaboda tatu. Bi Somoe hajawahi kupanda pikipiki maishani mwake. Aliikagua mbele na nyuma, akamwuliza kijana kwao wapi, akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili, akapanda kwa upande kama malkia. Ikabaki shida ya chungu. Mimi nikanyoosha mkono.

“Wewe una haraka, utakivunja,” akasema. Akamtazama Mwanaidi. “Shika wewe.”

Basi ndiyo hiyo habari mliyoisikia, ya Bi Tatu kuonekana Mnazi Mmoja juu ya bodaboda amekumbatia chungu. Ni kweli. Watu wa viwanjani walisimama, wakapiga miluzi, mmoja akapaza sauti akimwuliza leo kawapikia ukoo wa nani. Mwanaidi mikono yote miwili ilikuwa kwenye chungu, hakuweza hata kushika kanga yake iliyokuwa inapepea. Mbele yetu Bi Somoe aligeuza shingo kila kona, na sikuweza kujua anaangalia chungu au anamwangalia aliyekishika.

Wodini

Daktari alikuwa anavua koti. Alimtazama mtoto, akamtazama bibi aliyejaa vumbi, akavaa koti tena. Akasema huyu ndiye wa mwisho, watamshona kesho yake, ndipo wafunge vifaa.

Wakati wa kumpeleka mtoto ndani, Bi Somoe alimbeba mwenyewe mpaka mlango wa mwisho. Muuguzi alilazimika kumfungua vidole kimoja kimoja. Kisha tukakaa kwenye benchi, yeye, Mwanaidi na mimi. Nassor alileta sambusa na chai ya tangawizi, hakuna aliyekula isipokuwa mimi, na mimi nilikula kwa hofu. Bi Somoe alikuwa anataja majina ya Mungu kwa vidole. Akifika mwisho anaanza tena.

Mtoto alirudi amelala, uso umevimba, plasta mdomoni. Bibi akasema wamemharibu. Daktari akamwambia subiri uvimbe upungue. Akasubiri, hatoki kitandani, analala kwenye mkeka ule mdogo aliokuja nao. Mwanaidi alikuwa anakuja kila asubuhi na kukaa upande wa pili wa kitanda, na wagonjwa wengine walikuwa wanamnong'ona, na Bi Somoe alikuwa anawatazama mpaka wananyamaza.

Siku plasta ilipoondolewa nilikuwapo. Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Muuguzi akafuta dawa, akasogea. Mdomo ulikuwa mzima, wenye mshono mwembamba, umepinda kidogo juu upande mmoja, kama mtu anayetaka kucheka na anazuiwa. Bi Somoe akainama. Nikadhani hakuridhika.

“Hadija,” akasema.

Nikamwambia mtoto anaitwa Zawadi.

“Hadija ni binti yangu. Mama yake. Huu ndio mdomo wake.” Akachora hewani kwa kidole pale unapopinda. “Ulikuwa umefichwa humo. Miaka yote nilikuwa nao ndani ya nyumba, sikujua.”

Adhana ikalia msikiti wa jirani. Bi Somoe akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akamtoa mtoto kitandani, akazunguka kitanda. Akamweka mapajani mwa Mwanaidi.

“Nishikie,” akasema. “Naenda kusali.”

Nilifungua mdomo nitoe neno. Mwanaidi akanitazama, nikaufunga. Bi Somoe akajitanda kanga kichwani, akatoka kwenda kutafuta maji ya kutawadha, na hakugeuka nyuma.